Chombo Hubadili Tanga, Mkuku Hubaki
Kinga ya mwili na virusi vyenye sura nyingi (Sehemu ya 4)

Mama anayeniuzia mahamri Ukunda, pale njia panda ya kuingilia Diani, ndiye aliyenifanya niandike sehemu hii kabla ya zamu yake. Alikuwa akinifungia mahamri manne na mbaazi, akauliza bila kuinua uso: "Mwalimu, ati chanjo ya Ukimwi imepatikana? Redioni wasema ni sindano mara mbili kwa mwaka, basi." Wateja waliokuwa kwenye benchi, kijana wa bodaboda na baharia mmoja wa Gazi, wakaacha kutafuna ili wasikie. Nikasema la, iliyopatikana ni dawa, chanjo bado. Baharia akatikisa kichwa: "Sindano ni sindano, Mwalimu." Nikaona kwamba jambo hili halimaliziki juu ya benchi.

Sindano yenyewe inaitwa lenakapaviri. Ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda, na matokeo yalipotangazwa mwaka 2024 dunia ilishangaa: kati ya 2,134 waliodungwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Marekani iliiidhinisha Juni 2025, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwezi uliofuata, na Kenya ikawekwa katika kundi la nchi za mwanzo kuipokea. Lakini sindano hiyo haifundishi mwili kitu. Dawa inakaa chini ya ngozi ya tumbo, inachuruzika kidogo kidogo kwa miezi 6, na ikiisha, ulinzi nao umekwisha. Chanjo ni mwalimu. Huingia, hufundisha, huondoka, na mwanafunzi hubaki na elimu yake miaka. Mwalimu huyo wa VVU tumemtafuta tangu miaka ya 1980 na hatujampata, na sababu mojawapo kubwa ndiyo ninayotaka kuieleza leo. Habari za sindano nitazirudia mwishoni.

Waliofuata sehemu tatu zilizopita wanazijua seli T za kuua, askari wa mwili, na wanajua kwamba hazikioni kirusi kinapoelea ndani ya damu. Zinachokiona ni kipande kidogo cha protini yake, chenye asidi amino 8 hadi 10 tu, kikiwa kimetundikwa nje ya seli iliyokwisha kuvamiwa. Kitundikio chake ni ile molekuli ya HLA ambayo kila mmoja wetu amerithi kwa baba na mama, na ambayo ya jirani yako huenda isifanane na yako hata kidogo. (Waliogundua siri ya kitundikio, Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, waliigundua kwa panya kule Canberra mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Doherty alisomea udaktari wa mifugo. Huwa nawaambia hivyo vijana wa Kwale wanaodhani kutibu mbuzi ni kazi duni.)

Sasa fikiria hesabu hii. Maandishi yote ya urithi ya VVU ni herufi 9,700 hivi. Kimeng'enya kinachoyanakili hakirudi nyuma kusahihisha makosa, kama mwanafunzi anayekabidhi insha bila kuisoma. Na katika mwili wa mtu asiyetumia dawa, virusi vipya hutengenezwa kwa mabilioni kila siku. Ukizidisha makosa kwa wingi huo, unapata jambo la kutisha: karibu kila kosa la herufi moja linaloweza kutokea, hutokea, ndani ya mtu mmoja, kwa siku moja. Mengi ya makosa hayo huua kirusi chenyewe. Lakini moja likiangukia kwenye kile kipande kinachotundikwa, seli T hufika dirishani, hutazama, haimtambui mgeni, na kupita. Mwaka 1991 kundi la Oxford, Rodney Phillips na Andrew McMichael wakiwamo, lilionyesha jambo hilo kwa wagonjwa waliofuatiliwa kwa muda. Vipande vya protini iitwayo Gag vilikuwa vikibadilika, na seli T za mgonjwa yule yule zikawa haziwezi tena kuvitambua baadhi ya hivyo vipya. Miaka mitatu baadaye kundi hilo hilo likaonyesha ubaya zaidi: vipande vingine vilivyobadilika havikujificha tu, bali viliziduwaza seli T zisiue hata pale zilipokiona kipande cha zamani.

Niliwahi kulieleza jambo hili darasani kwa mfano wa kinyonga, na nimekuja kuuacha mfano huo, maana kinyonga hubadilika rangi akabaki kinyonga mzima. Mfano ulio bora niliupata kwa fundi mmoja wa vyombo huko Gazi. Nilimkuta amelaza jahazi ubavu, anapiga kalafati, mikono yote inanuka sifa. Mbao za ubavuni alikwisha zing'oa nyingi. Mataruma mawili alikwisha yabadilisha. Nikamuuliza, kama mbao ni mpya na tanga ni jipya na jina limepakwa rangi upya, hiki bado ni chombo kile kile? Akaupiga mkuku kwa nyundo, mara mbili, ukalia. "Huu ndio chombo, Mwalimu. Nikiugusa huu nikaupinda kidole kimoja, hakiendi joshi tena. Kitaelea, lakini hakitafika Pemba."

VVU ndivyo vilivyo. Vina mbao ambazo hubadilika kila siku bila hasara, hasa protini za nje zinazoonekana na kingamwili. Na vina mkuku. Mkuku wao ni lile gamba lenye umbo la pia linalobeba maandishi ya urithi ndani ya kirusi, lililoundwa kwa vipande karibu 1,500 vya protini moja vinavyoshikana kama vigae. Protini hiyo ni sehemu ya Gag. Ukibadilisha kipande kimoja mahali pasipofaa, vigae havishikani. Swali lote la chanjo ya seli T kwa miaka 30 limekuwa hili: tutawafundishaje askari wetu wautazame mkuku, waache kuduwaa na rangi ya tanga?

Na jibu la kwanza la swali hilo halikutoka Oxford wala Boston. Lilitoka Majengo, Pumwani, Nairobi, kwa wanawake ambao majina yao hamtayaona kwenye ukumbi wowote wa chuo kikuu. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu habari hii nimeibeba moyoni miaka mingi na sioni ikisimuliwa inavyostahili.

Majengo ya Pumwani ni mtaa wa miaka ya 1920, wa nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, zilizojengwa kwa mtindo mtu wa Vanga au Msambweni angeujua macho yamefumbwa. Wanawake waliofanya biashara ya mwili pale walikuwa Wakenya na Watanzania, wengi wa hao wa pili wakitokea Bukoba na Kagera, mila ya uhamaji ambayo wanahistoria wameifuatilia hadi enzi za ukoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada kuchunguza pangusa, ugonjwa wa zinaa ambao nchi za Ulaya zilikwisha usahau. Alikuja daktari kijana, Frank Plummer. Damu ikachukuliwa kwa ajili ya pangusa na magonjwa mengine, na ilipopimwa VVU ikabainika kwamba karibu theluthi mbili ya wanawake maskini wa kundi lile walikuwa wameambukizwa. Mwaka ulikuwa 1985. Kenya ilikuwa imemtambua mgonjwa wake wa kwanza mwaka mmoja tu kabla.

Watu wengi huishia hapo, na kumtaja Plummer. Mimi humtaja kwanza Elizabeth Ngugi, muuguzi, ambaye baadaye alikuwa profesa. Yeye ndiye aliyeingia mtaani, akakaa na wanawake wale barazani, akawaita dada, akawaeleza kilichopatikana katika damu yao bila kuwahubiria. Wakachagua viongozi wao wenyewe, wakafundishana matumizi ya mipira, na maambukizi yakapungua. Tuliosimama mimbarini wakati ule, makanisani na misikitini, tuliwaita wanawake hao kwa majina ambayo sitayaandika. Nasema tuliosimama, maana nami nilisema. Wao walikuwa wakitoa mikono yao idungwe sindano, mwaka baada ya mwaka, ili wajukuu wetu wapate kinga.

Katika kufuatiliwa huko ndiko likaonekana jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Kati ya mwaka 1985 na 1994 waliandikishwa wanawake 424 ambao hawakuwa na VVU. Wengi wao, 239, waliambukizwa baadaye. Lakini kadiri mwanamke alivyokaa muda mrefu bila kuambukizwa, ndivyo hatari ya kuambukizwa ilivyopungua, kinyume cha hesabu ya bahati nasibu. Walikuwepo waliokutana na virusi mara nyingi mno, miaka na miaka, na damu yao ikabaki safi. Keith Fowke, Plummer na wenzao walilichapisha hilo mwaka 1996. Ndipo Sarah Rowland-Jones wa Oxford akaja kuzitazama seli T za wanawake hao pamoja na wenzake wa Nairobi, na mwaka 1998 wakaeleza walichokiona. Wanawake wasio na VVU walikuwa na seli T za kuua zinazovitambua vipande vya VVU. Askari walikwisha kumwona adui, walikwisha kumjua, na adui hakuwa amekaa. Na vipande walivyovijua vilikuwa vile vinavyofanana katika makundi mbalimbali ya virusi, yaani A, C na D yanayozunguka Afrika Mashariki na hata B la Ulaya na Marekani.

Soma sentensi hiyo tena. Wanawake wa Pumwani, ambao jamii iliwatupa, ndio waliowaonyesha wanasayansi kwamba kuna kinga inayoweza kutambua mkuku.

Haikuwa kinga kamili, na ni lazima niseme. Mwaka 2001 Rupert Kaul na wenzake walieleza kwamba baadhi ya wanawake waliodhaniwa hawaambukiziki waliambukizwa hatimaye, na kilichowatofautisha ni kwamba walikuwa wamepunguza kazi ile kwa muda. Ilivyofasiriwa ni kwamba seli zile zilihitaji kukumbushwa mara kwa mara, na zilipokosa kukumbushwa zilisinzia. Wapo pia waliohoji kama seli T hizo ndizo zilizowalinda, au zilikuwa tu alama kwamba virusi vilipita hapo. Swali hilo ni halali.

Kutokana na damu ya wanawake hao Tomas Hanke na McMichael walibuni chanjo ya majaribio iliyoitwa HIVA, iliyotengenezwa kwa kufuata kundi A la virusi, yaani virusi vyetu. Kwa mara ya kwanza mtu aliandika chanjo ya VVU kwa lugha ya virusi vya Kenya. Majaribio yakaanza Nairobi mwaka 2001 chini ya Profesa Job Bwayo na Dkt. Omu Anzala. Lakini kabla ya hapo, mwaka 2000, palizuka mzozo mchungu: watafiti wa Nairobi waliona kwamba hati ya kumiliki uvumbuzi ilikuwa imeandikishwa Uingereza bila majina yao. Baadaye walipatana na haki ikagawanywa. Lakini katika kupatana huko wanawake wa Majengo hawakukaa mezani, na hilo limenikera hadi leo. Damu ilitoka kwao, wala hapakuwa na nakala ya karatasi yoyote iliyokwenda Pumwani.

HIVA ilikuwa salama, lakini kinga iliyoamsha ilikuwa hafifu, ikaachwa miaka michache baadaye. Bwayo aliuawa na majambazi waliolivamia gari alimokuwamo, Februari 2007. Profesa Ngugi alifariki mwaka 2015. Plummer alifia Nairobi Februari 2020, akiwa amekuja kuadhimisha miaka 40 ya ushirikiano ule ule. Sijui shule yoyote ya Kwale iliyo na darasa lenye jina la mmoja wao, ingawa tuna madarasa yenye majina ya waheshimiwa waliochangia mabati.

Turudi baharini. Upande wa pili wa kivuko cha Likoni, katika kliniki ya Ganjoni, wanawake wa Mombasa nao walijitolea kufuatiliwa tangu mwaka 1993, na mchango wao kwa somo la leo ni mkubwa. Kwao iligunduliwa kwamba mwanamke mara nyingi huanza maambukizi akiwa na virusi vya namna kadhaa kwa pamoja, tofauti na wanaume waliochunguzwa, ambao mara nyingi huanza na namna moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Maana yake ni kwamba seli T za mama huyo zinakabiliwa na vyombo vingi vyenye matanga tofauti tangu siku ya kwanza. Ilionekana pia Mombasa kwamba mtu mwenye VVU anaweza kuambukizwa tena VVU vingine juu ya vile vya kwanza, licha ya kinga aliyokwisha kuijenga. Wanandoa wanaoniambia, "Sote tunavyo, hatuna cha kuogopa," wasome hapo mara mbili. Na kundi la virusi lina uzito: wanawake wa Mombasa waliokuwa na kundi D walizidiwa na ugonjwa na kufa mapema kuliko waliokuwa na kundi A, ambalo ndilo lililoenea zaidi Pwani yetu.

Sasa mkuku wenyewe. Wako watu wachache wanaoishi na VVU miaka mingi bila dawa na bila kuugua, na wengi wao wamerithi vitundikio vya aina fulani, B*57 au B*27. Vitundikio hivyo vina bahati ya kutundika vipande vya lile gamba. Kwa mwenye B*57, kipande kimojawapo kina asidi amino 10. Kirusi hutoroka kwa kubadilisha asidi moja tu, ya tatu katika kipande hicho, iliyo nafasi ya 242 ya Gag. Seli T hupofuka, lakini kirusi nacho huchechemea, huzaliana polepole. Na kirusi hicho kikimwingia mtu asiye na B*57, ambako hakuna wa kukikimbia, baada ya muda hurudia umbo lake la kale. Jahazi lililopinda mkuku ili lisitambuliwe na forodha, likifika bandari isiyo na forodha, hunyoosha mkuku upesi, kwa sababu kupinda kulikuwa kunaligharimu.

Kwa mwenye B*27 mambo ni magumu zaidi kwa kirusi. Badiliko la nafasi ya 264 linalokitorosha hukilemaza kabisa, mpaka lipatikane badiliko jingine mbali na hapo, nafasi ya 173, la kukisawazisha. Mabaharia wanalijua hili: chombo kikilala upande, unahamisha farumi upande wa pili. Kuyapata mabadiliko yote mawili pamoja huchukua miaka, na miaka hiyo mgonjwa yu hai, anafuga kuku zake. Farumi ikishahama, kinga inaanguka na ugonjwa unashika kasi.

Jambo moja zaidi kabla sijaacha hapa. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwa kulinganisha nchi nyingi kwamba mahali ambapo kitundikio fulani ni cha kawaida kwa watu wengi, virusi vya mahali hapo huwa vimekwisha jizoeza kukikwepa. Virusi hujifunza watu wa nchi. Ndiyo maana chanjo iliyobuniwa kwa virusi vya San Francisco haiwezi kuletwa Lunga Lunga na kutarajiwa ifanye kazi kama kwao, na ndiyo maana nasisitiza, hata kama nachosha, kwamba utafiti wa virusi vya Pwani ufanywe Pwani, na vijana wa Pwani.

Majaribio makubwa yaliyofuata yameanguka moja baada ya jingine. Chanjo ya seli T ya kampuni ya Merck ilisimamishwa Septemba 2007. Hata hivyo virusi vilivyowaingia waliochanjwa vilionekana vimetofautiana na vya wasiochanjwa katika vipande vilivyolengwa, ishara kwamba seli T zilivisukuma, ingawa hazikuvizuia. Jaribio la Imbokodo lilianguka 2021, la Mosaico 2023, na mwaka huo huo PrEPVacc, iliyokuwa ikijaribiwa Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, ikasimamishwa. Hanke hakukata tamaa. Alitupa mbao zote, akaunganisha vile vipande tu ambavyo havibadiliki katika makundi yote ya virusi, na chanjo hiyo ya mkuku mtupu ikaanza kujaribiwa kwa watu wa Kenya, Uganda na Zambia mwaka 2021. Bado iko katika hatua za mwanzo.

Msambweni nayo ina sehemu yake, na ni aibu kwamba wakazi wengi wa Msambweni hawaijui. Indu Malhotra, Christopher King na wenzao wa Kenya walichukua damu ya kitovu cha watoto waliozaliwa huku kwetu, na mwaka 1999 wakaeleza kwamba mtoto aliyekuwa tumboni mwa mama mwenye kichocho au matende anaweza kuzaliwa na seli T zilizokwisha kuvijua vimelea hivyo, na kwamba chanjo ya kifua kikuu, BCG, kwake iliamsha kinga iliyo dhaifu zaidi. Mwaka 2005 kundi hilo likaripoti kwamba akina mama wenye VVU waliokuwa na minyoo waliwaambukiza watoto wao VVU zaidi kuliko akina mama wasiokuwa nayo. Kwa hiyo askari wa mtoto wa Kwale huanza kufundishwa, na pengine kupotoshwa, kabla hajavuta pumzi. Dawa ya kichocho haina bei kubwa. Kila mtoto anayeoga mtoni na kila mwanamke anayefua huko angestahili kuipata, na kila mwanasiasa anayekuja Msambweni kuomba kura angestahili kuulizwa habari zake kabla ya kukabidhiwa kipaza sauti.

Nafasi niliyopewa inakwisha, na nilikuwa nimeahidi kurudi kwenye sindano.

Lenakapaviri inashambulia nini? Gamba. Lile lile. Inajipachika kati ya vigae, gamba likawa halifunguki wala kuungana inavyopasa. Wakemia wamefika kwa njia yao mahali ambapo seli T za wanawake wa Pumwani zilikwisha kufika. Na sheria ya mkuku inafanya kazi hapa pia. Kirusi kinaweza kuikwepa dawa kwa kubadilisha asidi amino chache za gamba, kwa mfano ile ya nafasi ya 74, na mabadiliko kama hayo kwa kawaida hukidhoofisha. Lakini kukidhoofisha si kukiua, na kikipewa muda kitatafuta farumi.

Ndiyo maana ni lazima mtu apimwe kabla ya kudungwa, na apimwe tena kila anaporudi. Aliyekwisha ambukizwa akidungwa dawa hii peke yake, virusi vyake vitapewa miezi 6 ya kujizoeza. Dozi ya kwanza huambatana na vidonge siku ya kwanza na ya pili, na wanaoviacha kwa sababu "nimekwisha dungwa" wanajidanganya. Na asiyerudi tarehe yake hubaki na dawa kidogo mwilini kwa miezi mingi, isiyotosha kumlinda lakini inayotosha kukifundisha kirusi. Kwa wanaoishi na VVU tayari, vidonge vyao vya kila siku vina dawa zaidi ya moja kwa sababu hiyo hiyo, ya kukizuia kirusi kutoroka kwa kosa moja la herufi. Anayeanza mapema, kabla virusi havijatawanya matanga yao, huacha akiba ndogo na isiyo na sura nyingi katika seli zilizolala. Anayechelewa, akiba yake imejaa virusi vilivyokwisha jifunza kuzikwepa seli T zake. Hilo lilionyeshwa mwaka 2015.

Kuhusu fedha nitasema machache, ingawa yalistahili makala nzima. Marekani ilipofunga mfuko wake Januari 2025, vituo vya jamii vilivyokuwa vikiwahudumia walio hatarini zaidi nchini Kenya vilifungwa, na mpango wa chanjo uitwao BRILLIANT, uliowaunganisha wanasayansi wa nchi 8 za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, ukakatiwa fedha. Mei mwaka huo utafiti mkubwa wa chanjo huko huko Marekani nao ukaambiwa hautaendelezwa. Diani hoteli zikijaa Desemba, pesa zinazopita pale kwa wiki moja ni nyingi mno. Sitaki kuambiwa kwamba hakuna wa kulipia friji ya maabara.

Jumamosi nilirudi njia panda kununua mahamri. Baharia wa Gazi hakuwapo, upepo ulikuwa umewatoa mabaharia wote. Mama alinisikiliza nikimweleza habari za mkuku na farumi, akiwa anasukuma unga. Alipomaliza duara la mwisho akafuta mikono, akauliza swali moja: binti wa dada yake anafanya kazi katika baa moja ufuoni, anaogopa kwenda kupimwa kwa sababu mtu wa mapokezi kwenye kliniki moja aliyokwenda mwanzo alimtaja jina mbele za watu. Afanyeje?

Nilimwambia amlete kwangu Jumatatu saa mbili asubuhi, tutakwenda naye kliniki nyingine, mimi nitakaa nje kwenye benchi. Sehemu ya 5 itaeleza seli zilizolala ambamo virusi hujificha, na kwa nini dawa haziwezi kuviondoa humo.